Ndani Kimya, Nje Kiama

Biryogo, Kigali
21 Februari 1993

Dada yangu Mwamvua,

Amani ya Mungu itangulie kuingia nyumbani kwako kabla ya karatasi hii. Sisi tuko, tunapumua. Mke wangu Mukeshimana amepona malaria, amerudi kukaanga maandazi yake pale kona. Anakusalimu, na anasema maandazi yamekuwa madogo kwa sababu unga umepanda, si kwa uchoyo. Mwezi ukiandama kesho tunafunga. Utuombee.

Dereva wa lori amenipa barua yako, imelowa chai lakini inasomeka. Unasema mashine ya kusaga aliyokuachia marehemu shemeji, tangu uibadilishie bomba la moshi na kuifunga sailensa ya kununua sokoni, inavuma mpaka meno yanagongana na vikombe vinatembea mezani. Dada, hiyo sisi mafundi hatuiiti kelele. Tunaiita uvumi. Kelele inaingia sikioni ikatoka. Uvumi unaingia kifuani ukakaa. Hapa gereji kila anayefunga silensie, ndivyo huku tunavyoiita sailensa, isiyo ya gari lake analia kilio hicho hicho.

Fanya hivi. Angalia bomba lisiguse ukuta wala boriti ya paa, maana likigusa tu, nyumba nzima inakuwa ngoma. Acha nafasi ya kidole gumba. Usilifunge kwa waya. Lining'inize kwa vipande vya mpira wa tairi, ule laini wa ndani. Kaza pale linapoungana na injini pasivuje moshi. Utaona.

Wiki iliyopita guruneti imelipuka stendi ya Nyabugogo, chini kidogo ya gereji yetu. Mpagazi mmoja alikuwa amebeba gunia la viazi. Viazi vilitawanyika, watu wakaviokota, vingine vina damu, wakavifuta kwenye nguo. Mimi nilimfunga yule mpagazi kipande cha mguu kilichobaki kwa mpira wa tairi, mpira ule ule ninaokuagiza ufungie bomba. Hakufika hospitali.

Kuna na uvumi wa namna nyingine hapa mjini, wa nani ataanza kuuawa. Huo sijapata mpira wake.

Ndugu yako,
Maneno


Ujiji, Kigoma
2 Mei 1993

Mdogo wangu Maneno,

Nimeisoma barua yako nimekaa juu ya gunia, na unga kwenye kope. Wazima wote. Mbuzi amezaa pacha. Mzee Ramadhani wa msikitini amevunjika nyonga, bado anatukana vizuri.

Nimefanya ulivyosema, fundi nikiwa mimi mwenyewe na kisu cha jikoni. Mipira nimeikata, bomba nimelining'iniza. Wallahi, Maneno, nilipoiwasha nilidhani imezimika! Vikombe vimetulia. Nakaa ndani nakunywa chai kama mke wa mkuu wa wilaya.

Lakini bomba lilikuwa refu, nikalikata na kuligeuza mdomo kando, likatazama ukuta wa jirani. Na ile sailensa ilikuwa imejaa takataka za chuma, nikazitoa zote ili ipumue. Siku ya pili muadhini akaja, amekunja kanzu.

"Mwamvua, ukisaga wewe, sisi tunasujudu kwa kutetemeka."

"Uongo, shehe. Ingia ukae. Unasikia nini?"

Akaingia, akakaa, akasikiliza. Akatoka nje, akasikiliza. Akarudi ndani. Halafu akasema, "Ndani kimya, nje kiama." Sasa mtaa mzima wananiita Mama Kiama, hata watoto.

Niambie nilikosea wapi. Na huko, nasikia mnauana. Ujiji ni kwenu. Njoo, chakula hakikosi.

Salamu kwa mkeo.

Dada yako,
Mwamvua


Biryogo
10 Oktoba 1993

Dada,

Mama Kiama! Nimecheka mpaka Mukeshimana akaacha ndoo akaja kuuliza. Nilipomweleza na yeye akacheka, na siku nyingi alikuwa hajacheka.

Ulikosea hivi. Mpira unazuia mtetemo usikufikie wewe uliye ndani. Ila zile ulizoziita takataka ndiyo matumbo ya sailensa, ndiyo yanayomeza sauti kabla haijatoka. Umeyang'oa, na mdomo wa bomba umeuelekeza ukutani, ukuta unaitupa sauti mtaa mzima. Anayekaa juu ya mashine haijui sauti yake, wanaijua majirani. Nunua nyingine yenye matumbo, geuza mdomo juu.

Sasa nisikilize. Umeniita, nakushukuru, lakini umeniita mimi. Siku chache baada ya kicheko kile, vijana wa Sibomana walipita pale kona. Sibomana ni jirani, zamani alikuwa anauza bia, leo ana pikapu na vijana wenye marungu, na wote tunalijua lile pikapu kwa kuvuma kwake. Likianza kupanda kilima watu wanafunga milango. Walipindua karai la mafuta ya moto. Mguu wa kushoto wa Mukeshimana umebabuka mpaka kwenye nyonga, ngozi ilitoka pamoja na kitenge. Alipokuwa chini anagaagaa mmoja akamkanyagia andazi mdomoni, akamwita jina nisiloliandika. Nilisimama na spana mkononi. Walikuwa wengi. Nilisimama tu.

Nakuuliza kwa jina la baba yetu: nikimtuma Mukeshimana atangulie, utampokea?

Maneno


Ujiji
19 Desemba 1993

Mdogo wangu,

Pole kwa yaliyomfika mkeo. Mungu amponye.

Mvua huku ni kubwa. Sailensa yenye matumbo nimeulizia, haipo, kwa hiyo naendelea kuwa Kiama. Mbuzi mmoja amekufa.

Kuhusu lile uliloniuliza. Chumba cha nyuma kimejaa magunia ya mahindi ya watu, na paa linavuja. Wewe njoo hata leo, utalala barazani, wewe ni mwenyeji. Lakini yeye, mguu ule, safari ile… Hana ndugu zake huko wa kumficha? Tusubiri mvua ipite, tuone. Sisemi kwa ubaya; hata mama, Mungu amrehemu, aliyekuchagulia binti wa mjomba ukamkataa, hakusema kwa ubaya.

Unga mweupe nimekutumia kwa dereva. Ukifika na tundu, panya ni yeye dereva.

Mwamvua


Biryogo
6 Februari 1994

Dada Mwamvua,

Unga umefika bila tundu. Ramadhani inakaribia, Mungu atufikishe. Mguu unafunga, anachechemea.

Umeuliza kama Mukeshimana hana ndugu. Alikuwa nao. Siandiki zaidi.

Chumba sikuulizi tena. Nakueleza jambo lingine, na ulikunje moyoni kama ninavyolikunja.

Sibomana alikuja gereji na pikapu lake. Amelifunga silensie kubwa, ya gari la mzigo, sijui alimvua nani. Vijana wakiwa nyuma, yeye akateremka amejishika kichwa.

"Fundi, hii gari iko naniumiza ubongo. Iko navuma kama nyuki ndani ya debe. Hata redio sisikii."

"Silensie hii si ya gari hii, shefu."

"Nani amekuuliza? Nataka kimya. Tukifika mahali, tunakuta chai iko moto na watu hakuna." Vijana wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, mdomo wangu ulicheka pamoja nao. Akanishika sikio hili la kulia, akalivuta mpaka nikainama. "Tengeneza kimya, musilamu, na nyumba yako nitairuka. Ukifanya mchezo, naanza na yule wa maandazi. Mguu mmoja tayari ameiva."

Akaniachia gari mpaka kesho yake.

Dada, nilisali, nikakaa chini ya lile gari nikiwa sijui nishike nini. Nikimpa kimya, watu wa kilimani watakufa wakiwa bado kwenye sahani zao. Nisipompa, ni Mukeshimana. Nikiwa pale nimelala chali, nikamkumbuka muadhini wako.

Nilianza na ndani. Nilining'iniza bomba zima kwa mpira laini, halikugusa chuma popote. Nikaunganisha pembeni bomba kipofu, lile lililozibwa mwisho, nikawa nasogeza kizibo chake mbele na nyuma injini ikiwaka, mpaka kifua kikaacha kutetemeka. Chini ya viti nikatandika blanketi. Ukikaa pale mbele, unasikia saa yako ya mkononi.

Halafu nikafanya kosa lako lote, moja baada ya jingine. Nikaipasua silensie, nikang'oa matumbo, nikaiziba vizuri nikaipaka rangi. Mdomo nikaukata na kuugeuza kando, utazame kilima.

Alipokaa akazunguka nalo, alirudi anatabasamu. "Fundi, hii ni kanisa!" Akanipa soda. Vijana wa nyuma hawakusema kitu. Wao hupanda wakiimba na kupuliza filimbi, na walilizoea kuwa na kelele.

Juzi pikapu lilikuwa bado liko bondeni kabisa wakati Gahongayire, fundi cherehani wa mlango wa pili, alipotugongea ukuta. "Inakuja." Tukapata nafasi ya kuvaa viatu. Mukeshimana akaingia kwenye shimo langu la uani nyumbani, lile la kutengenezea magari, nikapanga mbao juu. Walipofika mtaani walikuta chai iko moto.

Kosa lako, dada, linafanya kazi hapa.

Maneno


Ujiji
1 Mei 1994

Maneno,

Naandika bila kujua kama kuna posta. Redio inasema watu wamevuka Rusumo kama maji, na mto unaleta maiti zilizofungwa mikono. Nakaa na redio, nazima mashine nisikie vizuri, halafu naiwasha ili nisisikie.

Magunia nimeyatoa. Yako nje chini ya turubai, wenye mahindi yao wanitukane watakavyo. Kitanda nimetandika. Nimekiweka mbali na ukuta wa mashine.

Mlete. Mlete Mukeshimana. Sikuwahi kuliandika jina lake, nimepekua barua zangu zote kichwani, hakuna hata moja. Nilidhani nina wakati.

Jibu hata neno moja.

Mwamvua


Biryogo
24 Julai 1994

Dada yangu,

Anayekupa barua hii ni Mukeshimana mwenyewe. Mpe maji kwanza, ndipo usome. Barua yako ya Mei nimeipata wiki hii, dereva alikuwa ameishona ndani ya kiti.

Tangu ndege ya rais ianguke, wiki za kwanza pikapu lilipita mara nyingi. Kila lilipoanza kupanda tulilisikia, na si sisi tu. Watu walitoka kwa nyuma, wakaingia kwenye mitaro, kwenye dari, kwenye nyumba za waislamu wenzetu. Si wote. Waliokuwa na watoto wachanga walichelewa. Asubuhi nilipita naona mlango wazi, na mwanamke amelala kizingitini, shingo imekatwa nusu, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Walisikia, dada, ila kiatu cha pili kiliwachelewesha. Nimeona mambo ambayo nikiyaandika karatasi itakataa.

Gahongayire alitugongea ukuta mpaka mwisho. Siku yake, aligonga, halafu hakukimbia. Mukeshimana alimwita. Akajibu, "Nyie nendeni. Mimi nimechoka kukunja nguo." Walimkata mlangoni kwake, kwanza mikono, maana aliishika fremu ya mlango. Nilimsikia. Ni moja ya sauti za mwisho nilizozisikia vizuri.

Sibomana akaipenda cherehani yake. Hakutaka ikwaruzwe, akaiweka mbele kwenye kiti chake kama bibi harusi, yeye akapanda nyuma na vijana. Ndiyo mara ya kwanza kukaa nyuma. Walipoanza kushuka akasikia gari lake linavyolia, na kilima kinavyoitikia.

Akageuza. Likaingia uani kwangu kinyumenyume, likasimama juu ya shimo. Mukeshimana alikuwa humo, chini ya mbao, amelala kwenye oili chafu.

"Fundi," akasema, taratibu kabisa. "Huko mbele iko kanisa. Huku nyuma iko nini?"

Akachukua kipande cha bomba pale pale kwenye vyuma vyangu. "Ulitaka watu wasikie. Sasa wewe hutasikia." Akanipiga sikio la kulia, nikaanguka. Vijana wakanishika kichwa, akanipiga la kushoto. Akarudia, kwa mpango, kama anayepigilia msumari. Nikaona damu inatiririka kwenye mbao, inapenya kwenye nafasi, na nikajua inamdondokea nani. Hakutoa sauti. Najua kwa sababu tu bado yuko hai.

Hawakuniua kwa kuwa walitaka kukimbia. Vita ilikuwa imefika Remera, hapa hapa mjini, na barabara yote walihitaji kimya. Akanionyesha bomba, akanionyesha shimo: ingia, tengeneza. Nikaonyesha kwa mikono kwamba limejaa maji. Nikalala chali juu ya zile mbao, chini ya injini inayowaka, nikafanya kazi. Mukeshimana alikuwa kiganja kimoja chini ya mgongo wangu. Nilitaka kumwambia neno moja tu, avumilie. Sikuthubutu. Sikuweza kujua, dada, kama nitanong'ona au nitapiga kelele.

Nikarudisha matumbo. Wakaondoka kimya. Sijui walipita wapi, na yupi hakuwasikia. Hilo nitaulizwa mbele ya Mungu.

Mimi nabaki. Masikio yanatoa usaha, na mtaani kuna watu visimani na kwenye mitaro hawajazikwa. Kuzika ni faradhi, na tuliobaki ni wachache.

Mgeni wako ana jina, unalijua. Ila mashine yako, dada… Fikiria.

Maneno


Ujiji
11 Septemba 1994

Mdogo wangu Maneno,

Naandika kwa herufi kubwa, sijui kwa nini, kama ndiyo nitakusemesha kwa sauti. Masikio yakikauka utie mafuta ya habasoda. Mzee Ramadhani anakuombea kila swala.

Alifika. Nilimwona anakuja anachechemea na kifurushi, nikamjua, nikashindwa kutoka mlangoni. Yeye ndiye aliyesema, "Wifi, nimekuja na mikono mitupu." Nilimwogesha mimi. Oili ilikuwa bado kwenye nywele, mizizini, mwezi mzima baadaye. Ule mguu niliushika. Ndipo nikamwomba radhi. Akaniambia maji yanapoa.

Mashine niliizima siku ile ile. Watu wakija na mahindi nawaambia imeharibika. Tukatwanga, mimi na wifi yangu, kwenye kinu cha mama. Mtaa ukanung'unika: Mama Kiama amekufa. Yeye anatwanga tu.

Siku moja akasimamisha mchi. "Wifi, mashine ina nini?"

"Imevunjika."

"Wapi?"

"Ndani ndani huko."

"Mimi ni mke wa fundi," akasema. "Usinidanganye kwa chuma." Akazunguka nyuma, akalitazama bomba, akaigusa ile mipira ya kisu changu cha jikoni, akalitazama lile tundu nililoligeuza ukutani. Nikamwona midomo inacheza. Sijui alikuwa anacheka. "Washa," akasema.

"Sitaki."

"Washa, wifi. Nitasimama nje."

Nikawasha. Maneno, sijawahi kuona mtu akikimbia vile na mguu ule. Alipita uani, akapita kwa muadhini, akapita shamba la mihogo, kanga ikabaki kwenye uzio. Tulimkuta kwenye shimo la kuchimbia udongo wa matofali, amejilaza chali, ameziba mdomo wake kwa mikono miwili. Nilizima, nikaapa sitaiwasha tena nikiwa hai.

Asubuhi alikuwa amekaa mlangoni pa mashine, magoti yana michubuko. "Tena," akasema.

Nilikataa. Akasema, "Kule ilikuwa inakuja. Hapa haiendi popote. Nataka mwili ujue."

Basi ndiyo kazi yetu. Muadhini amewaambia watu wasimcheke wala wasimkimbilie, wampishe njia. Kuna siku alifika tena shimoni. Kuna siku aliishia kwenye mihogo. Sailensa yenye matumbo imepatikana sokoni, nikataka kuifunga. Yeye amekataa, anasema atakayeifunga ni wewe, ukija, na kwamba mashine hii inahitaji fundi ambaye haimsumbui. Nilikasirika anavyokutania. Yeye akacheka, na mimi nikacheka.

Leo niliwasha, akaondoka mbio. Alifika kwenye mfereji wa maji machafu, hapo hapo nyuma ya nyumba. Akasimama. Halafu akageuka, akanitazama mimi niliye mlangoni na mkono kwenye swichi.

Sikuzima.

Dada yenu,
Mwamvua